Wimbo wa Wengi, Sala ya Mmoja: Muziki na Ibada katika Makanisa ya Arusha na Meru

Mkristo hufika mbele za Mungu kwa njia nyingi: neno, sakramenti, maombi, mfungo, sadaka, hata kimya. Muziki una hali yake ya pekee kati ya hizo, kwa sababu hauishii kwenye maneno na hautengani na mwili. Anayeimba hutumia pumzi, koo, masikio na kumbukumbu, na mara nyingi miguu na mikono pia. Kwa waumini wengi wimbo hutangulia mafundisho na hudumu baada yake. Mtoto huimba pambio kabla hajaelewa fundisho lolote, na mzee anayechanganya majina ya wajukuu zake huweza kumaliza beti zote za wimbo aliojifunza darasa la kipaimara.

Hapo ndipo swali linapozuka. Wimbo wa kanisani karibu kila mara ni mali ya watu wengi. Mmoja ametunga maneno, mwingine tuni. Mwalimu wa kwaya amegawa sauti, kiongozi ameanzisha, wengine wameitikia. Mwimbaji wa kawaida hana alichobuni. Kitu kilichotoka kwa wengine kwa kiasi hicho kinawezaje kuwa njia yake mwenyewe ya kumwabudu Mungu? Makanisa ya jiji la Arusha na ya miteremko ya Mlima Meru yanafaa sana kwa kulichunguza swali hili, kwa kuwa huko nyimbo nyingi zilianza kwa kuazimwa.

Wasiwasi wa kale

Maandiko hayasemi jambo moja tu kuhusu muziki. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, Daudi anampigia Sauli kinubi na mfalme anapata nafuu. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 3, nabii Elisha amekasirishwa na mfalme wa Israeli, na kabla ya kutoa unabii anaagiza aletewe mpiga kinanda. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, Paulo na Sila wanaimba usiku wa manane wakiwa gerezani Filipi, na wafungwa wengine wanasikiliza. Upande wa pili yupo Amosi, ambaye katika sura ya 5 anatangaza kwamba Mungu amezichoka nyimbo na vinanda vya watu wasiotenda haki. Muziki basi waweza kuiandaa nafsi isikie, lakini hauwezi kuisafisha ibada ya dhalimu.

Wasiwasi huo uliendelea katika historia ya Kanisa. Mwaka 386 waumini wa Milano, wakiwa na askofu wao Ambrosi, walikesha kanisani kwa hofu ya kunyang'anywa jengo lao, na humo walianza kuimba tenzi na zaburi ili wasikate tamaa. Augustino, aliyebatizwa katika mji huo mwaka uliofuata, aliandika baadaye katika Maungamo yake jinsi nyimbo hizo zilivyomtoa machozi. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho anajishtaki: kila mara uimbaji unapomgusa kuliko kile kinachoimbwa, anahesabu kuwa ametenda dhambi. Hakufikia hatua ya kuukataza. Aliona kwamba walio dhaifu huinuliwa na wanachosikia, na akabaki akiyumba kati ya hatari ya utamu na faida aliyoijua kwa kuionja.

Karne ya 16 ilizidisha mgawanyiko. Huldrych Zwingli, mwanamuziki hodari aliyejua kupiga vyombo vingi, aliondoa muziki katika ibada za Zürich, kwa hoja kwamba sala ya kweli hutoka moyoni na haihitaji sauti ya nje. Martin Luther alishika njia nyingine. Aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia, akatunga nyimbo kwa lugha ya watu, na kuanzia mwaka 1524 vitabu vidogo vya nyimbo vikasambaa Ujerumani. Kwa Zwingli, ibada ya mtu binafsi ililindwa kwa kumwondolea sauti za wengine. Kwa Luther, ilijengwa kwa kumpa maneno na tuni atakazokwenda nazo nyumbani. Mlima Meru ulifikiwa kwanza na warithi wa Luther.

Tuni kutoka Leipzig

Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Jina lake lilitokana na mji ambako Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa kanisa tangu mwaka 1723 hadi kifo chake mwaka 1750. Jaribio la kwanza la misheni hiyo katika nchi ya Wameru lilikoma kwa damu: Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa huko Akeri, na jeshi la wakoloni likalipiza kisasi kwa ukatili. Kazi ilianza upya baada ya miaka kadhaa. Kituo cha Nkoaranga kilifunguliwa mwaka 1902 kwa Wameru, na cha Ilboru mwaka 1904 kwa Waarusha.

Wamisionari walikuja na korali, yaani wimbo wa beti wenye tuni nzito na sauti nne. Ndani ya Kanisa la Kilutheri la kaskazini ikaingia pia desturi ya Kijerumani ya vikundi vya tarumbeta, ambavyo mpaka leo husikika kwenye sikukuu, harusi na mazishi ya eneo la Kilimanjaro na Meru. Waliowakuta hawakuwa watu wasio na nyimbo. Waarusha, wanaozungumza Kimaa, walikuwa na uimbaji usiohitaji ngoma: kiongozi, aitwaye olaranyani, hutupa sauti, na kundi hujibu kwa mvumo mzito wa kooni unaorudiwarudiwa, kila rika na nyimbo zake. Wameru, ambao lugha yao ina undugu na Kichaga, walikuwa na nyimbo za kazi, za ndoa na za jando. Nyingi ya hizo zilibaki nje ya mlango wa kanisa, hasa zilizofungamana na jando na ngoma za vijana.

Kuazima tuni za Ulaya kulileta tatizo ambalo kila mwimbaji wa Kiswahili amekutana nalo hata kama hajalitaja. Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Bwána, Yésu, mwokózi. Tuni nyingi za Ulaya huanza kwa pigo dogo na kufuatiwa na pigo kubwa, na mara nyingi hufunga mstari kwa pigo kubwa. Maneno yakipachikwa bila uangalifu, uzito unaangukia silabi isiyostahili, na jina takatifu linaimbwa kwa mkazo ambao hakuna anayeutumia akizungumza. Tatizo la pili ni urefu. Neno "Gott" la Kijerumani ni silabi moja, "Mungu" ni mbili. Na "ninakushukuru" peke yake lina silabi sita. Mstari wa silabi nane ambao kwa Kijerumani hubeba maneno sita au saba, kwa Kiswahili hubeba matatu au manne. Mfasiri hulazimika kuchagua, na sehemu ya hoja ya wimbo wa kwanza hubaki njiani.

Kwa kipimo cha nadharia, tuni hizo zingepaswa kubaki ngeni. Haikuwa hivyo. Vizazi vinne au vitano vimezikwa kwa nyimbo hizo, vimebatizwa na kuozwa kwa nyimbo hizo, na vitabu kama "Mwimbieni Bwana" na "Tenzi za Rohoni" vimekaa juu ya meza za nyumbani pamoja na Biblia. Mkazo uliopotoka umekuwa sehemu ya kumbukumbu, kiasi kwamba anayejaribu kuunyoosha husikika kama aliyekosea. Wimbo haukuwa wa watu kwa sababu ulifanana nao. Ulikuwa wao kwa sababu waliishi nao muda mrefu, na kwa sababu kila mmoja aliufunga kwenye siku fulani ya maisha yake.

Makumira na nyimbo za nyumbani

Kuzoea, hata hivyo, si jibu lote. Kama Mungu anasikia lugha zote, kwa nini tuni za mababu zibaki nje? Swali hilo lilipata nafasi Makumira, mashariki ya Arusha kwenye barabara ya Moshi, ambako Chuo cha Theolojia cha Kilutheri kilihamia mwaka 1954 kutoka Lwandai, Usambara. Katika miaka ya 1960 mmisionari Mmarekani Howard Olson, mwalimu wa chuo hicho, aliwahimiza wanafunzi walete tuni za makabila yao na kuziandikia maneno ya Kikristo. Matunda yake yalikusanywa katika kitabu "Tumshangilie Mungu".

Wawili kati ya watunzi hao walitoka upande wa Bukoba. Bernard Kyamanywa aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya Kitanzania. Wilson Niwagila alitunga "Njoo kwetu Roho mwema", ombi la kumwita Roho Mtakatifu. Wimbo wa Kyamanywa ulifasiriwa kwa Kijerumani na Ulrich Leupold mwaka 1969, na sasa ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Mkopo ulirudi ulikotoka: asubuhi ya Pasaka, Wajerumani nao huimba tuni waliyoazima Tanzania. Kazi ya muziki haikukoma hapo, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kimeufundisha muziki mpaka ngazi ya shahada.

Wakatoliki walipita njia inayofanana. Padre Stephen Mbunga wa kusini mwa Tanzania alichapisha mwaka 1963 utafiti juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu na kutaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima unayostahili. Jimbo la Arusha, lililoundwa mwaka 1963 na kuwa jimbo kuu mwaka 1999, limekua karibu lote ndani ya mabadiliko hayo. Wakatoliki wengi wa Arusha hawajui Misa nyingine ila ile ya Kiswahili yenye kayamba na ngoma.

Mabadiliko hayo yanatoa funzo linalopita historia. Wimbo wa asili hauwi sala kwa sababu tu ni wa asili. Mwana wa Ilboru aliyeimba tuni ya Kihaya kutoka Bukoba naye aliazima, kama babu yake alivyoazima ya Leipzig. Kilichobadilika ni kwamba maneno yalikaa sawa na mkazo wake, mwili ukaruhusiwa kuitikia, na mwimbaji akaona kwamba alichokuja nacho kutoka nyumbani kinaweza kutolewa sadaka.

Ndani ya kwaya

Mtu huanza kumiliki wimbo kwenye mazoezi ya kwaya. Usharika wa Kilutheri waweza kuwa na kwaya kuu, ya vijana, ya uinjilisti, ya akina mama na kikundi cha tarumbeta. Parokia nayo ina kwaya zake, za parokiani na za vigangoni. Mazoezi hufanyika jioni, mara kadhaa kwa wiki. Mwalimu anayejua nota huandika sol-fa ubaoni; asiyezijua huimba mwenyewe kila sauti na kundi hurudia mpaka lishike. Sauti ya kwanza hujifunza haraka, maana ndiyo yenye tuni inayojulikana. Sauti ya pili, ya tatu na besi huwa na kazi ngumu zaidi: mistari yao, ikiimbwa peke yake, haisikiki kama wimbo kamili.

Jambo hilo lina uzito wa kifalsafa. Mwimbaji wa besi anajua maneno yote na noti zake zote, lakini hajausikia wimbo hadi wengine watatu waingie. Mchango wake ni wake kabisa, maana akinyamaza pengo linasikika; na bado mchango huo hauna maana bila wenzake. Kisha hutokea kitu kinachoonekana katika kaya nyingi: mama wa sauti ya pili, akipika au akichuma mboga, huimba peke yake ile sauti ya pili, siyo tuni. Anachotoa kinywani ni robo ya wimbo. Robo tatu zilizobaki anazisikia kichwani. Katika ibada ya mtu mmoja jikoni, kwaya nzima imo.

Mfano huo unasahihisha dhana kwamba njia binafsi ni njia ya upweke. Imani ya mtu binafsi, kama lugha yake, haianzii kwake. Hakuna aliyebuni Kiswahili chake, na bado kila mtu hutubu, huahidi na hulia kwa Kiswahili ambacho ni chake mwenyewe. Nyimbo hufanya kazi hiyohiyo kwa sala: humpa mtu maneno kabla hajayahitaji, ili siku ya haja yawepo.

Mwili na mipaka yake

Makanisa ya Arusha hayakubaliani kuhusu kiasi cha mwili kinachoruhusiwa kuingia katika wimbo. Walutheri na Wakatoliki wamekubali kayamba, ngoma na hatua za kwaya, ingawa liturujia yenyewe inabaki na mpangilio wake. Waadventista wa Sabato, ambao chuo kikuu chao cha Arusha kipo Usa River, hutumia "Nyimbo za Kristo" na wamekuza uimbaji wa sauti nne ulionyooka usiotegemea ngoma, unaosikika sana wakati wa makambi. Wapentekoste wameweka mapambio, kinanda, gitaa la besi na spika katikati ya ibada. Kipindi cha kusifu huanza kwa kasi, kisha hushuka hadi kipindi cha kuabudu, ambapo mstari mmoja hurudiwa polepole na watu hufumba macho, huinua mikono au hupiga magoti.

Kila mpangilio una hoja yake. Utulivu wa Waadventista unalinda maneno yasizamishwe na pigo. Marudio ya Wapentekoste yanampa muda anayehitaji muda, kwa kuwa akili iliyokwisha kushika maneno huacha kuyatafuta na kuanza kuyasali. Marudio si mageni kwa Mlima Meru. Mvumo wa Kimaa hujengwa juu yake. Hatua za kwaya nazo ni ushahidi kwamba mtu hamwabudu Mungu kwa kichwa tu. Tofauti hizo pia humpa muumini nafasi ya kutambua njia yake. Wapo wanaofunguliwa na kishindo, na wapo ambao kishindo huwafunga.

Hisia na ibada

Pingamizi kubwa ni lile la Augustino, na limeongezeka nguvu katika zama za muziki wa injili wa kurekodiwa. Muziki huleta msisimko hata pasipo imani yoyote. Bendi nzuri ya dansi nayo humtoa mtu machozi. Mwimbaji anaweza kuabudu sauti yake mwenyewe, kwaya inaweza kuabudu ushindi katika mashindano ya uimbaji, na msikilizaji anaweza kudhani ameguswa na Mungu wakati ameguswa na gitaa. Sare mpya, video na makofi huongeza kishawishi.

Mapokeo ya Kikristo yametoa vipimo vitatu. Cha kwanza ni akili. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, Paulo anataka aimbaye aimbe kwa roho na kwa akili pia. Wimbo ambao mwimbaji hawezi kueleza unasema nini bado haujawa sala yake. Cha pili ni haki, kipimo cha Amosi: uimbaji usiogusa namna mtu anavyomlipa kibarua wake au anavyomtendea mjane katika ugomvi wa shamba umekataliwa kabla haujaanza. Cha tatu ni muda. Msisimko hupoa spika zinapozimwa. Ibada inaendelea Jumatatu, bila kinanda, wakati mtu anasubiri gari au anapalilia kahawa.

Vipimo hivyo haviihukumu hisia yenyewe. Machozi ya Augustino kule Milano hayakuwa kosa. Alichoogopa ni machozi yasiyojua yanamlilia nani. Wala muziki haulazimiki kuwa njia ya kila mtu. Viziwi humwabudu Mungu kwa lugha ya alama, na wapo wenye masikio mazuri ambao hukutana naye katika kusoma, katika huduma kwa wagonjwa au katika kimya kabla ya Misa ya alfajiri. Kanisa linalofanya wimbo kuwa kipimo cha uchangamfu wa kiroho huwatwisha watu hao mzigo usio wao.

Amina ya asiyeimba

Swali la mwanzo hupata jibu lake wazi zaidi msibani. Katika vijiji vya Meru na mitaa ya Arusha, kwaya na majirani hukusanyika nyumbani kwa wafiwa na kuimba jioni baada ya jioni hadi siku ya maziko. Mfiwa mara nyingi haimbi. Amekaa ndani, amejifunika kanga, koo limekauka. Wimbo unaoimbwa hakuuchagua, hakuutunga, na kwa wakati huo hawezi hata kuutamka. Hata hivyo, wanaoimba wanamwimbia yeye na wanaimba badala yake. Wanashika imani yake mpaka atakapoweza kuishika mwenyewe.

Paulo, katika sura ileile ya 14, anamkumbuka mtu ambaye kazi yake katika ibada ni kusema Amina kwa shukrani iliyotolewa na mwingine, na anasisitiza kwamba mtu huyo lazima aelewe anachokiitikia. Hiyo Amina ndiyo sehemu ya mtu binafsi. Tuni yaweza kutoka Leipzig, Bukoba au kwa wazee wa Kimaa, maneno yaweza kuwa ya mwanafunzi wa Makumira, na sauti ya jirani wa nyumba ya pili. Kukubali kwamba maneno hayo yanasema kweli mbele za Mungu hakuna awezaye kumfanyia mwenzake. Anayekubali hivyo, kwa sauti au kwa kimya, ameabudu kwa wimbo huo, na tangu hapo anaweza kuuita wake.